Kabla Hujafunga Kamba za Raba

Uliza mtaani saa nzuri ya mazoezi ya pumzi, yaani kukimbia, kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli au kuruka kamba, na jibu utakalopewa litakueleza zaidi habari za aliyekujibu. Mtu wa klabu ya jogging ataapa kwa alfajiri, maana Jumapili saa kumi na mbili ndipo kikundi chao kinapokatiza mitaa kwa mchakamchaka na nyimbo mpaka watoto wanatoka vitandani kuchungulia. Mwenye ukumbi wa mazoezi atakuambia jioni, ndipo mlango wake unapojaa. Bi mkubwa wa nyumba ya pili kutoka kwangu hutembea baada ya Magharibi. Nilipomwamkia siku moja na kumuuliza kwa nini saa ile, alicheka: "Mwanangu, saa hiyo ndiyo wajukuu wananiacha nipumue." Katika majibu yote niliyowahi kupewa, naliamini zaidi la kwake.

Hata hivyo, kabla hujajifunga na saa yoyote, yako mambo ya kuyatazama. Naandika nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo maneno yangu yamelowa jasho la pwani. Anayesoma akiwa Njombe au Iten, ambako alfajiri mtu hutoka na koti, atayageuza kulingana na baridi ya kwao.

Anza na jua. Saa yetu ya Kiswahili imekwisha kukufanyia nusu ya hesabu, kwa sababu huanza kuhesabiwa jua linapotoka. Ukisema saa moja asubuhi umesema jua lina umri wa saa moja. Ukisema saa tatu, limekwisha komaa. Huku karibu na ikweta kutoka kwa jua hakuhami sana: Dar es Salaam mwezi Novemba huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili, Julai huchelewa kama nusu saa hivi baada ya hapo. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri miale yake ni mikali sana kwa ngozi na macho, hata siku ya mawingu mepesi. Mwenye ualbino asilifanyie mzaha jambo hili: saa zake ni kabla jua halijatoka au likiwa limezama, au ndani ya jengo.

Lakini jua si joto lote, na hapa ndipo wengi wa pwani tunapokosea. Alfajiri ya Februari kipimajoto kinaonyesha nyuzi za chini kuliko saa yoyote nyingine, nawe unatoka ukiamini kuna ubaridi. Ukifika kona ya pili fulana imeganda mgongoni. Sababu ni unyevu. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka, humpoza kwa kukauka, na alfajiri hewa ya pwani imejaa maji kiasi kwamba jasho halina pa kwenda. Linatiririka tu, mwili unabaki na moto wake, moyo unaongeza kasi ya kusukuma damu kuelekea kwenye ngozi, na mwendo uliokuwa rahisi mwezi Julai unakuwa mzigo. Alasiri joto ni kubwa zaidi, ila hewa ni kavu kidogo na mara nyingi upepo wa bahari unavuma.

Wanaodhani giza linatosha kuwa dawa wakumbuke Doha, Septemba 2019. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilisogezwa ikaanza dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kukwepa jua la Ghuba. Walianza wanawake 68, 28 hawakumaliza. Joto lilikuwa bado juu ya nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda wa pole mno kwa mkimbiaji wa kiwango chake. Alijua anakimbia na nini usiku ule, akapunguza.

Kwa hiyo saa yako huenda na upepo wa msimu. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, unaweza kuchelewa mpaka saa mbili na nusu asubuhi na usione ubaya. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba mpaka masika yaanze mwezi Machi, mimi humaliza kabla ya saa moja na nusu au husubiri saa kumi na moja jioni, na mwendo naupunguza saa zote mbili. Ukitoka mahali pa baridi, iwe Arusha au Ulaya, upe mwili siku kumi hadi kumi na nne za mwendo mwepesi ujizoeze jasho la huku. Usishuke kwenye basi Ijumaa, Jumamosi ukataka kuwaonyesha wenzako.

Pili, mwili wenyewe una saa yake. Joto la ndani huwa chini kabisa karibu saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, hupanda mchana kutwa, na hufika juu kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni au baadaye kidogo. Ndiyo maana jioni misuli ni laini, viungo havikwaruzi, na anayekimbiza muda hupata sekunde zake kirahisi zaidi. Asubuhi mwili ni kama unga wa chapati uliotoka kwenye friji. Usiposubiri ulainike utakatika. Aliyechagua alfajiri aweke dakika kumi za kutembea na kuongeza mwendo taratibu kabla ya kukimbia. Wa jioni tano zinamtosha.

Kuna jambo la moyo hapo. Tunapoamka shinikizo la damu hupanda, na kwa ujumla mshtuko wa moyo hutokea zaidi saa za asubuhi kuliko saa nyingine. Hili halimaanishi mazoezi ya asubuhi ni hatari kwa kila mtu, maana mamilioni huyafanya wakazeeka nayo. Linamaanisha usitoke kitandani moja kwa moja hadi kwenye mlima. Na kama kifua hubana ukipanda ngazi, au pumzi hukata bila sababu, saa ya kwanza ya kupanga ni ile ya kumwona daktari.

Wanaotumia dawa wana hesabu ya ziada. Baadhi ya dawa za presha hukojoza, na ukizimeza alfajiri kisha ukaingia barabarani, kuna mawili: utatafuta choo au utakaukiwa maji. Nyingine hupunguza mapigo ya moyo, hivyo saa ya mkononi ya kuhesabu mapigo itakudanganya. Wewe jipime kwa mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukitoa neno mojamoja, hiyo ni kazi nzito. Usihamishe saa ya dawa kwa ushauri wa mtu wa kwenye klabu, muulize aliyekuandikia.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari apime kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 kwa kipimo chetu cha milimoli, ale kitu kidogo cha wanga kwanza, ndizi mbivu kwa mfano, na mfukoni asikose pipi au glukosi. Alfajiri tumbo tupu ni saa ya kuangalia zaidi kwake, na jioni nayo ina mtego, kwa sababu sukari inaweza kushuka baadaye usiku akiwa amelala. Mwenye pumu awe na pampu yake mkononi, si nyumbani kwenye droo.

Tumbo nalo lina saa. Mlo mzito unataka saa mbili hadi tatu kabla ya kukimbia, ingawa kutembea polepole baada ya kula hakuna ubaya na hata husaidia sukari isipande sana. Mimi nilijifunza kwa supu ya ng'ombe na chapati mbili, nusu saa kabla ya kukimbia pale ufukwe wa Coco. Sitaeleza zaidi. Maji yanywe kuanzia usiku uliotangulia, maana anayeamka akiwa mkavu hajazi tangi kwa kikombe kimoja cha mlangoni.

Barabara. Hapa nisingependa kuongea sana, kila mtu anajua mtaa wake, lakini pita njia yako mara moja kwa miguu katika saa uliyoichagua kabla ya kuikimbia. Njia iliyo tulivu saa kumi na mbili asubuhi, saa moja na nusu ni foleni na moshi wa daladala. Jioni kuna anayechoma taka. Kwetu magari hushika kushoto, basi wewe kimbia kulia uyaone yanayokujia, na kabla ya mwanga vaa nguo ya rangi ya kung'aa, kwa sababu bodaboda nyingine hazina taa. Wanawake wengi hulazimika kuchagua saa kwa usalama kuliko kwa hali ya hewa, na hilo ni jambo zito lisilotaka mahubiri: tafuta wenzako, aga nyumbani, na acha njia zenye vichaka. Halafu mbu. Yule wa dengi huuma mchana, na hukazana zaidi asubuhi baada ya jua kutoka na jioni kabla halijazama, saa zilezile tunazozipenda. Jipake dawa miguuni.

Usingizi ndio watu huusahau kabisa. Kuamka saa kumi na moja kunataka uwe umelala saa nne usiku, na anayetoka kazini Posta akafika Mbagala saa tatu hana saa nne. Akijilazimisha atakuwa anakata usingizi ili kununua mazoezi. Huyo alfajiri si yake, na asijione mvivu. Ashuke vituo viwili kabla, atembee kwa kasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mzito, na umeondoa lile sharti la zamani la kila kipande kufika dakika kumi. Vipande vyote vinahesabiwa. Kwa wa usiku, mwendo mzito uishe angalau saa moja kabla ya kulala, la sivyo utalitazama dari.

Ramadhani saa zote hubadilika. Wengine hutembea nusu saa kabla ya futari, wakajua maji yako karibu. Wengine husubiri baada ya tarawehe. Kukimbia kwa nguvu mchana wa funga sikushauri.

Ukishapita hapo, jaribu. Wiki mbili asubuhi, wiki mbili jioni, na daftari. Andika saa uliyotoka, ulilalaje, pumzi ilikuwaje, na zaidi ya yote andika siku ambazo hukutoka. Langu nilianza nikiwa mtu wa alfajiri kwa maneno. Katika siku kumi na nne za asubuhi nilitoka tano. Za jioni, kumi na moja. Raba zangu sasa hukaa kwenye begi la kazini, na muuza mahindi wa pale kwenye kona ananiita Kumi na Moja.