Gari likilia mwili mzima: nilivyoituliza Carina Ti yangu

Toyota Carina Ti yangu, modeli ya AT212 yenye injini ya 5A, niliinunua mkononi kwa mtu hapa Morogoro. Injini haikuwa na neno. Maneno yote yalikuwa kwenye bodi. Nikipita matuta ya Mikumi dashibodi inalia kwi-kwi, mlango wa nyuma kushoto unaitikia, na kwenye buti kuna kitu kinagonga kong'o, kong'o, safari nzima. Abiria mmoja akaniambia, "Kaka, hii imechoka chasisi."

Nikaamini. Nikanunua mati za kuzuia sauti, nikang'oa viti na kapeti, siku mbili nabandika sakafu. Jumatatu nikarudi Mikumi: kong'o, kong'o, pale pale. Ilikuwa jeki. Jeki ya gari yenyewe, imelegea kwenye kishikio chake ndani ya buti. Niliizungusha skrubu yake kwa mkono, nusu mzunguko tu, ikanyamaza.

Kwa hiyo siku hizi naanza kwa kumwaga vitu vyote: buti, droo ya dashibodi, mifuko ya milango, tairi ya akiba. Halafu naendesha gari likiwa tupu kwenye barabara ya vumbi, polepole, mtu mwingine akiwa amekaa nyuma anasikiliza. Mwenye usukani peke yake hadanganyiki na kelele ya mbele, ila ya nyuma inamzungusha.

Sasa hiyo chasisi. Magari haya ya saluni hayana chasisi ya pekee, yaani fremu ya chuma ya chini, kama Land Cruiser mkonga. Bodi ndiyo chasisi: sakafu, chuma cha chini ya milango, nguzo, paa, hata kioo cha mbele kwa sababu kimegundishwa. Kuipima, egesha gari sehemu tambarare, zuia tairi kwa mawe, kisha weka jeki kwenye sehemu yake nyuma ya tairi la mbele na uinue mpaka tairi liachie ardhi kidogo tu. Usiingie chini. Fungua na ufunge milango ya upande huo. Ikifunga kama kawaida, bodi yako bado ina nguvu. Ikikwama, au ule mwanya kati ya mlango na mlango ukabana sehemu moja na kupanuka nyingine, kuna mahali pamelegea. Rudia upande wa pili ulinganishe.

Yangu kulia ilipita. Kushoto mlango wa mbele ukakwaruza. Nikatoa plastiki ya chini ya mlango, nikachokoa kwa bisibisi, ikadondoka puti, ile lipu ya kujazia bodi, kipande kama kiganja, nyuma yake kutu tupu. Puti haibebi gari. Pale ni kukata mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelea bati jipya, waya wa hasi wa betri ukiwa umetolewa, kisha rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Kuna wanaoshauri kujaza povu la kupulizia kwenye mashimo ya bodi ili ikakamae. Achana nalo. Linashika unyevu, na siku ukitaka kuchomelea hapo linawaka.

Bodi ikiwa nzima, nenda kwenye raba, na hapa usiwe na haraka, maana sehemu kubwa ya tunachoita "chasisi inalia" ni bushi (raba za kwenye viungo) za amu, yaani mikono inayoshikilia tairi, stabilaiza linki, zile fimbo fupi za stabilaiza, na raba za juu ya shokapu. Mmwagie maji bushi moja moja huku mwenzako akikandamiza gari kwa juu. Mlio ukikatika umempata mwenyewe. Stabilaiza linki ishike kwa mkono uitikise, tairi zote mbili zikiwa chini. Ikicheza, ndiyo ile ka-ka-ka ya kwenye vishimo vidogo. Injini maunti nazo, raba zinazobeba injini: gari la otomatiki likiwa kwenye D (gia ya kwenda) umekanyaga breki, usukani ukitetemeka, na ukiweka N (gia huru) ukatulia, anza kuzishuku.

Jambo moja lilinigharimu bushi seti nzima. Raba ya bushi haizunguki kwenye bolti. Imeshikana na chuma cha ndani na cha nje, inajipinda tu na kurudi. Fundi mmoja alinifungia mpya na kuzikaza kabisa gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Liliposhuka, bushi zikabaki zimejipinda muda wote, na hazikumaliza masika, zikachanika. Bolti hizo zishikize tu, teremsha gari likanyage kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze ukiwa kwenye shimo la gereji. Na oili chafu wanayopuliza chini "kuzuia kutu" isiguse raba, inazivimbisha.

Strati baa, kile chuma cha kuunganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti, nilikifunga mwishoni. Kinasaidia: usukani unajibu upesi kidogo kwenye kona. Chagua cha kipande kimoja kisicho na viungo vya kuchezacheza, ukifunge gari likiwa chini, na kama matundu hayalingani usivute kwa nguvu. Ila kwenye bushi zilizokufa ni pambo.

Milango ni kazi ya jioni moja. Funga noti ya shilingi elfu kwenye mlango, uivute, ukizunguka fremu yote. Inapotoka bila kushikwa, raba imelala. Chuma kinachopokea loki kikilia, kizungushie utepe wa umeme. Kelele ikiisha, chora alama kwa kalamu kuzunguka chuma hicho, legeza skrubu zake, kisogeze ndani kiasi cha unene wa ukucha, kaza. Mlango wangu wa nyuma uliponea hapo.

Mati sasa zina maana. Si lazima ufunike kila kitu. Gonga bati kwa kidole, linalolia kama debe weka kipande katikati, ukandamize sana. Kwenye milango usizibe matundu ya maji ya chini. Chini ya kapeti usiweke sponji inayonyonya maji.

Na upepo wa tairi. Wengi tunajaza 40 (psi) kwa kuhofia mzigo, kisha tunalalamikia bodi. Soma kiasi chake kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango.

Imebaki tiki-tiki moja karibu na kioo cha pembeni kulia, asubuhi tu, kabla jua halijapasha dashibodi. Ikifika saa tatu inanyamaza yenyewe. Nimeiacha.