Namna ya kusoma uwiano wa uzito na urefu bila kupotoshwa nao

Uwiano huu hupatikana kwa kugawanya uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, uzito wa kawaida kwa mtu mzima ni kuanzia 18.5 hadi 24.9, na unene uliokithiri huanza kwenye 30. Chimbuko la hesabu hiyo ni Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, ambaye katika miaka ya 1830 alikuwa akichunguza maumbile ya watu kwa jumla, si kupima afya ya mtu mmoja mmoja. Mizani haitofautishi misuli na mafuta, wala haioneshi mafuta yamekaa wapi, ilhali yale yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Kwa hiyo pima na kiuno. Simama wima, tafuta kwa vidole ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha zungusha utepe wa fundi cherehani katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi na si juu ya nguo, bila kuubana. Toa pumzi kama kawaida, ndipo usome. Usivute tumbo ndani, maana utajidanganya mwenyewe. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Tuchukue wanaume wawili wenye urefu wa sentimita 170. Mchukuzi wa mizigo mwenye kilo 80 hupata 27.7 na kuambiwa amezidi uzito, ingawa kiuno chake ni sentimita 80. Karani mwenye kilo 72 hupata 24.9 na kuruhusiwa aende zake, ilhali kiuno chake ni 96, yaani kimepita nusu ya urefu wake, 85, kwa mbali. Kwa maoni yangu, huyu wa pili ndiye anayestahili kupimwa sukari na shinikizo la damu mapema.

Wenye asili ya Asia ya Kusini, ambao ni wengi katika miji ya pwani yetu, waanze kujihadhari uwiano ukifika 23. Watoto hupimwa kwa chati za umri wao, na mjamzito asitumie vigezo hivi kabisa. Mzee aliyepungukiwa na misuli anaweza kuonekana yuko sawa huku mafuta yakiwa yamezidi. Uzito ukipanda ndani ya siku chache na miguu ikavimba, huenda yakawa ni maji mwilini, si mafuta, na mtu huyo amwone daktari bila kukawia.