Somo: Waya wa graundi unavyodanganya kipimo chako

Nilikuwa na kihisi cha joto LM35 kwenye tangi la maji, pampu ndogo ya volti 12 pembeni yake, na Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta) ya kusoma. Pampu ikiwa imezimwa napata nyuzi 27. Ikiwaka tu, 31. Maji hayapandi nyuzi nne kufumba na kufumbua. Nikabadilisha kihisi, nikagusa programu, nikaweka wastani wa vipimo mia moja. Ikabaki 31, safari hii imetulia tuli. Wastani huondoa mtikisiko, uongo hauutoi.

Kumbe pampu na kihisi vilikuwa vinarudi kwa waya mmoja mweusi wa graundi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chanzo, wa mita 1.5, unene milimita 0.5 za mraba. Shaba ya namna hiyo ina ukinzani wa kama omu 0.05. Pampu ikivuta ampea 0.8, zidisha: milivolti 40. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja, basi nyuzi nne zangu ndizo hizo. Graundi ya kihisi ilikuwa imepanda milivolti 40 juu ya graundi ya bodi, na bodi haina pa kulijulia hilo.

Hatua ya 1: Pima kabla hujakata waya. Weka mita ya kupimia (multimita) kwenye milivolti za DC. Ncha moja kwenye mguu wa graundi wa kihisi, nyingine kwenye pini ya GND (graundi) ya bodi. Washa pampu. Ukiona zaidi ya milivolti 4 au 5, mchawi wako umeshamwona.

Hatua ya 2: Tenganisha njia za kurudi. Hii ndiyo kazi yenyewe, zilizobaki ni nakshi. Waya wa kurudi wa pampu uende moja kwa moja kwenye hasi ya chanzo cha umeme. Wa kihisi uende kwenye GND ya bodi, peke yake, usibebe kitu kingine. Bodi nayo iwe na waya wake hadi kwenye hiyo hasi. Zote zikutane hapo tu. Ukishazitenganisha, rudia hatua ya 1. Kwangu mita ilishuka hadi karibu sifuri.

Hatua ya 3: Kebo. Sokota waya wa ishara pamoja na graundi yake. Zipitishe mbali na nyaya za mota, na pasipo budi kukutana, zikatane kama msalaba. Kebo yenye ngao (wavu wa chuma unaozunguka nyaya), funga ngao upande wa bodi tu. Ukiifunga pande zote mbili umetengeneza njia nyingine ya mkondo kupita.

Hatua ya 4: Chujio. LM35 haipendi kebo ndefu wala kapasita iliyofungwa moja kwa moja kwenye mguu wake wa ishara. Weka rezista ya kilo-omu 2 hapo kwenye kihisi, kisha kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya analogi na graundi, karibu na bodi. Chujio hilo linaanza kukata kwenye kama hezi 800, kwa hiyo mvumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani bado utapita. Huo uondoe kwa kuchukua wastani wa vipimo vilivyoenea milisekunde 20 kamili.

Hatua ya 5: Volti rejea, yaani ile ambayo bodi hulinganishia vipimo vyake. Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1024, kila ngazi karibu milivolti 4.9, yaani nusu nyuzi. Ila hiyo 5 inayotoka USB mara nyingi si 5. Ikiwa 4.8, nyuzi 27 zitasomeka 28.1. Tumia rejea ya ndani ya volti 1.1, pima thamani yake halisi kwenye pini ya AREF, uiandike hiyo kwenye programu, kwani hutofautiana chipu kwa chipu.

Maswali ya wanachama

Mkuu, kihisi changu kina adapta yake. Si salama zaidi nisiunge graundi yake na ya bodi?
Hapana, unga. Volti hupimwa kati ya nukta mbili. Bila graundi ya pamoja bodi inapima hewa, ndiyo maana namba zinarukaruka. Waya mmoja unatosha.

Napima betri ya volti 12 kwa rezista za kilo-omu 100 na 47, inasoma chini.
Hizo mbili kwa pamoja pini inaziona kama kilo-omu 32, na chipu ya Uno inataka 10 au pungufu. Kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini hadi graundi itakusaidia, mradi husomi kwa kasi sana.

Mvumo unapungua nikitumia plagi isiyo na mguu wa ethi. Niukate?
Usithubutu, mkuu. Ethi ya ukutani inalinda uhai wako, na graundi ya kipimo ni habari nyingine. Rudi hatua ya 3, au tumia betri wakati wa kupima.

Kihisi kikiwa mita 30 mbali je?
Hapo achana na volti, tafuta kihisi cha miliampea 4 hadi 20. Mkondo ni uleule mwanzo wa waya na mwisho wake, hivyo ukinzani wa waya hauharibu kipimo. Rezista ya omu 250 upande wa bodi itakupa volti 1 hadi 5. Ukisoma sifuri, ujue waya umekatika.