Namna ya Kuwasomea Watoto Kisa cha Alisi katika Nchi ya Ajabu

Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church mjini Oxford, alikwenda matembezi ya mashua katika mto Thames pamoja na rafiki yake Robinson Duckworth na mabinti watatu wa mkuu wa chuo, akawatungia papo hapo kisa cha msichana aliyemfuata sungura shimoni. Binti wa kati, Alice, ndiye aliyemwomba akiandike, na mwaka 1865 kikatoka kitabuni kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll. Naianza habari hapa kwa sababu ndani yake mna agizo la kwanza la usomaji: kisa hiki kilizaliwa mdomoni, mbele ya watoto waliokuwa wakikidai, kwa hiyo kisomwe kwa sauti.

Tafuta chapa yenye picha za John Tenniel, ambazo ni 42, kwani Alisi mwenyewe katika ukurasa wa kwanza anauliza kitabu kisicho na picha wala mazungumzo kina faida gani. Msomaji wa Kiswahili ana tafsiri mbili za kuchagua. Ya mwaka 1940 inamwita Elisi, na picha zake zimemchora akiwa msichana wa Kiafrika. Ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka mwaka 2015, inamwita Alisi. Kwa mtoto wa leo ningeanza na hii ya pili.

Jambo kubwa kuliko yote ni sauti yako. Wazazi wengi, wakiona kwamba kitabu kimejaa vioja, husoma kwa kucheka na kubana pua, na hapo ndipo utamu unapopotea. Soma kama unayesoma habari za kweli. Kioja cha Carroll hakina fujo; kina mantiki kali iliyowekwa mahali pasipo pake, na ukikisoma kwa mzaha mtoto haisikii tena ile mantiki. Alisi anapoporomoka shimoni huchukua kopo la marmaledi, yaani jamu ya machungwa, kwenye rafu, akalikuta tupu, lakini hataki kulidondosha asije akamuua mtu aliye chini, basi akalirudisha katika kabati jingine huku bado akianguka. Mtoto hucheka kwa sababu Alisi ana adabu na busara katikati ya balaa, na huo ndio mvuto wa kitabu kizima. Vivyo hivyo katika sura ya 8, Malkia wa Kopa anapoagiza kichwa cha Paka wa Cheshire kikatwe, ilhali paka ameonyesha kichwa pekee hewani. Mkata vichwa anasema kwamba huwezi kukata kichwa pasipo kiwiliwili cha kukikatia. Mfalme anasema kwamba chochote chenye kichwa chaweza kukatwa kichwa. Malkia anasema kwamba jambo hilo lisipotekelezwa mara moja, watauawa wote. Simama hapo, uwaulize watoto nani ana haki, kisha uwaache wabishane hadi wachoke. Dakika hizo zina thamani kuliko kurasa tano za mbele.

Utakutana na michezo ya maneno ambayo haivuki mpaka wa lugha. Katika sura ya 3 Panya anasema kisa chake ni kirefu na cha huzuni, naye Alisi, akiutazama mkia wake, anakubali kwamba ni mrefu lakini anashangaa huzuni yatoka wapi, kwani kwa Kiingereza neno la kisa na neno la mkia hutamkwa sawasawa. Usikatize usomaji kufafanua. Mchezo uliofafanuliwa umekwisha kufa. Badala yake, kitabu kikishafungwa, mpe mtoto michezo ya lugha yake mwenyewe, ambayo tunayo tele. Muulize kwa nini mbuzi wa jikoni hukuna nazi na hali majani, au mwambie atunge habari ya kaa wa baharini aliyealikwa akae juu ya kaa la moto. Mtoto akishatunga kimoja ameuelewa mkono wa Carroll kutoka ndani.

Sura ya 7, ya karamu ya chai, inahitaji maandalizi kidogo. Mtengeneza Kofia anauliza kunguru anafanana vipi na meza ya kuandikia. Mtoto aliyezoea kuambiwa “kitendawili” na kuitikia “tega” atajaribu, atashindwa, na atatoa mji. Mpokee mji wake, kisha uendelee kusoma hadi agundue kwamba hata aliyetega hana jibu. Usimpe jibu la kutoka kwingine. Lile aliloliandika Carroll mwaka 1896, baada ya kuulizwa mno, alilifuatiza kwa kukiri kwamba kitendawili hakikuwa na jibu tangu mwanzo.

Wala usitafute funzo. Najua ngano zetu hupenda kufunga kwa mafunzo, nami nazipenda hivyo, lakini katika sura ya 9 yumo Dachesi, bibi wa cheo kikubwa, anayeng'ang'ania kwamba kila jambo lina funzo, na mzazi anayeuliza “tumejifunza nini?” anakuwa Dachesi mbele ya mwanawe.

Sura ni 12. Moja kwa usiku yatosha. Ile ya mwisho isiangukie usiku wa usingizi mzito, maana inakwenda haraka: Alisi anarudi kimo chake kamili, anawaambia wote kwamba wao ni karata tu, nazo karata zinaruka hewani na kumwangukia. Isome sentensi hiyo kwa pumzi moja na uonyeshe picha. Halafu punguza mwendo kabisa, kwa sababu sasa amelaza kichwa mapajani mwa dada yake, naye dada anampangusa usoni majani makavu yaliyodondoka kutoka mtini.