Kuchora ufuko wa Goma kwa njia ya Monet: picha ndogo ziwani, kubwa nyumbani

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikuwa na miaka 24 Salon ya Paris, maonyesho makubwa ya sanaa, ilipopokea kazi zake kwa mara ya kwanza, mwaka 1865. Mojawapo ilionyesha rasi ya La Hève, huko Sainte-Adresse karibu na Le Havre, maji yakiwa yamekupwa: mawingu mazito, kokoto zilizolowa, farasi na mkokoteni. Picha hiyo ina sentimita 90 kwa 150 hivi, na sasa iko Kimbell Art Museum, Fort Worth, Marekani. Hakuichorea ufukweni. Mwaka 1864 alichora ndogo palepale kando ya bahari, kisha akaikuza ndani. Njia hii inafaa sana kwa anayechora kwa rangi ya mafuta Goma, mashariki mwa Kongo, ambako upepo wa Ziwa Kivu huipiga turubai kubwa na mvua haikawii.

Kwa picha ndogo, kata triplex (ubao wa plywood) ya milimita 4, sentimita 30 kwa 50. Paka rangi ya msingi mara mbili, usugue kwa msasa laini katikati, na upake upande wa nyuma pia. Upande mmoja ukiachwa mtupu, ubao unapinda. Rangi ya ukutani ya bei rahisi usiitumie hapa: hunyonya mafuta, na rangi ya juu hupauka kisha kubanduka.

Fika ziwani saa moja asubuhi, uondoke saa tatu. Karibu na ikweta jua hupanda upesi, na baada ya hapo vivuli unavyoviona si vile ulivyoanza navyo. Jioni, anza saa kumi. Rasi ya kufanyia kazi ipo: mlima Goma, unaotazama ziwa. Ukikaa karibu na bandari, omba ruhusa kwanza. Weka mstari wa upeo chini ya katikati, anga lipate nafasi.

Kazi ngumu ni mawe. Monet alikuwa na ufuko mpana ulioachwa wazi na maji. Kivu halina kupwa na kujaa, kwa hiyo ukanda uliolowa ni hatua moja au mbili tu, pale mawimbi yanapofika. Utazame vizuri. Jiwe la lava likiwa kavu ni la kijivu kinachoelekea kahawia. Likilowa, ubavu wake unakuwa mweusi kabisa, lakini sehemu ya juu inayotazama anga inang'aa kuliko jiwe kavu lililo pembeni. Anayepaka nyeusi ya tyubu kila mahali anapata shimo, hapati jiwe. Fumba macho nusu, ulinganishe vitu vitatu: anga juu ya upeo, maji, na mgongo wa jiwe lililolowa. Kipi kina mwanga zaidi? Ukishapata jibu, ndipo uchanganye rangi.

Giza la mawe lipate kutokana na bluu ya ultramarini na umbra iliyochomwa, rangi ya kahawia iliyokoza. Umbra hukausha upesi. Nyeusi ya mifupa hukawia, na ikiwekwa nene chini, tabaka la juu linakauka kabla yake na kupasuka. Rangi ya tabaka la kwanza izimue kwa tapentaini. Mafuta yaongeze kwenye matabaka ya juu tu.

Picha ndogo ikikauka, ichoree miraba ya sentimita 5: inatoka 60. Kwenye turubai ya sentimita 60 kwa 100, miraba iwe ya 10. Ukitaka ukubwa wa Monet, 90 kwa 150, iwe ya 15. Hamisha mstari wa upeo kwanza, rasi ifuate, mawe makubwa, basi. Usinakili kila kokoto. Alama moja ya brashi iliyopendeza kwenye ubao, ikikuzwa mara mbili, inageuka kuwa doa tupu, hivyo kila kitu kichorwe upya kwa brashi pana zaidi.

Watu waje mwisho. Penye mkokoteni, Goma ina chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na ziwani kuna mitumbwi ya kuvulia sambaza, samaki wadogo, iliyofungwa mitatu mitatu. Mtu mmoja anatosha kuonyesha ukubwa wa rasi. Kichwa chake kiweke sawa na upeo kama mnasimama usawa mmoja, la sivyo ataonekana anaelea.

Vanishi isubiri miezi 6 angalau. Ukiiwahisha, hunatana na rangi ambayo haijakauka ndani, na vumbi jeusi la barabarani linaganda humo moja kwa moja.