Kabla hujatoa dawa, muulize habari za wajomba zake

Watu wakisikia habari za kumpa mgonjwa dawa kulingana na jeni zake wanawaza maabara za Ulaya na mashine za mabilioni, sisi huku kaunta tunasubiri tu zije. Mimi nakwambia hii kazi unaweza kuianza kesho asubuhi ukifungua duka, daftari lako na swali moja lililoulizwa vizuri, maana jeni ni kitu cha kurithi, na mtu aliyerithi ana ndugu wa kuulizwa.

Mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, famasia fulani, kijana kaja na cheti cha dapsoni ya ngozi, nikampa, nikamwelekeza saa za kumeza, nikamuuliza una aleji yoyote, akasema hana, basi tukaagana. Siku ya nne huyo karudi, macho ya njano, anahema kama katoka kupanda ghorofa, ananiambia, "Daktari (wateja wote wanatuita daktari, tumeshazoea), mkojo wangu umekuwa kama Coca-Cola." Nikamsimamishia dawa palepale nikamtafutia bodaboda ya hospitali, na wakati anapanda ndo akasema, kama kitu kidogo tu, "Hata mjomba aliwahi kuwa hivi, kuna dawa ilimkataa."

Kumbe jibu alikuwa nalo, mimi ndo sikuuliza.

Kitu chenyewe ni upungufu wa G6PD. Hicho ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kikiwa kidogo mtu anaishi vizuri tu miaka yote mpaka siku akutane na dawa kama dapsoni, au ile ya malaria inayoitwa primakwini ikiwa ya dozi nyingi, hapo chembe zinapasuka na mkojo unabeba rangi yake. Jeni yake imekaa kwenye kromosomu X, na X ya mwanaume inatoka kwa mama, kwa hiyo anayeweza kukupa habari za kijana wa kiume ni kaka za mama yake, yaani wajomba, wala sio baba. Na hili sio la kubahatisha, Lapdap iliyokuwa dawa ya malaria yenye dapsoni ndani iliondolewa sokoni 2008 kwa sababu ilikuwa inawaishia damu wenye upungufu huu. Ila usije ukamnyima mtu ile primakwini ya dozi moja ndogo inayotolewa pamoja na dawa ya mseto ya malaria, miligramu 0.25 kwa kilo, hiyo WHO walishasema tangu 2012 haihitaji kipimo cha G6PD kwanza.

Sasa swali. Acha "una aleji?", mtu wa kawaida akisikia aleji anawaza vumbi na samaki. Uliza kwa lugha yake: kuna dawa iliwahi kukukataa wewe, au mama, au wajomba, au mtu wa tumbo moja na wewe? Akisema ndiyo usiandike "ana aleji" ukafunga daftari, muulize ilimfanyaje na ilikuwa siku ya ngapi. Vipele ndani ya saa moja ni habari nyingine kabisa na mkojo mweusi siku ya tatu, na "nililala siku nzima kwa kidonge kimoja" ni habari nyingine tena.

Hiyo ya kulala nayo tuiongee kidogo. Kodini, dawa ya maumivu na kikohozi, yenyewe kama yenyewe haitulizi sana, inasubiri ini liigeuze kuwa mofini, dawa kali zaidi, na kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6, jeni yake nayo ina jina hilohilo. Kuna watu jeni hii wanayo mara mbili au zaidi, wanageuza haraka mno, kijiko cha kawaida kwao ni dozi ya kuzimisha pumzi. Kuna wengine haifanyi kazi kabisa, hao unawapa kodini maumivu yanabaki palepale, wanaomba nyingine, na wewe unaanza kuwaza huyu ni teja wakati masikini anasema kweli. Mwaka 1996 walipima watu Ethiopia wakakuta asilimia 29 wana nakala za ziada, ni jirani zetu hao. Ndo maana Marekani 2017 wakapiga marufuku kodini kwa walio chini ya miaka 12, na mimi kaunta kwangu mama akija na mtoto anataka dawa ya kikohozi yenye kodini simpi, anune tu.

Halafu kuna mtego wa kusema "Waafrika wako hivi". Angalia abakavia, dawa ya VVU. Mwenye jeni inayoitwa HLA-B*57:01 anaweza kupata homa, vipele na kutapika ndani ya wiki sita za mwanzo, na akiacha halafu akairudia inaweza kumuua. Jeni hiyo ilipotafutwa kwa Wayoruba wa Nigeria haikuonekana, kwa Waluhya wa Kenya asilimia 3.3, kwa Wamasai wa hapohapo Kenya 13.6. Wote Waafrika! Kwa hiyo rangi haikwambii kitu, na kabila nalo usiligeuze kipimo, maana mama wa Kiluhya aliye mbele yako anaweza kuwa nayo na Mmasai anayemfuata asiwe nayo.

Siku hizi kuna wateja wanakuja na karatasi za vipimo walivyofanyiwa nje na ndugu zao, na hawa wataongezeka. Ukipewa karatasi kitu cha kwanza tafuta walipima aina zipi. Kwa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mfano vipimo vingi vimejengwa kwa damu za Wazungu, vinatazama jeni ya CYP2C9 aina namba *2 na *3, wakati kwetu zinazosumbua zaidi ni *5, *6, *8 na *11. Sasa karatasi ikiandika "kawaida" maana yake hawakuona walichokitafuta, basi. Cha pili angalia dawa nyingine anazomeza, mtu jeni zake zinaweza kuwa safi kabisa lakini yuko kwenye rifampisini ya TB inayoliharakisha ini, dozi za karatasini zinakuwa hadithi. Na usimwachishe mtu dawa kwa sababu ya karatasi, mpigie aliyemwandikia mkaongee.

Hii kitu inalipa lakini. Nchi 7 za Ulaya walipima wagonjwa karibu 7,000 kwa jeni 12, matokeo yalitoka 2023, madhara ya dawa yalipungua kwa asilimia 30 hivi kwa waliopewa dozi kulingana na jeni. Mpaka hicho kipimo kifike kwetu, mtengenezee mteja kadi ngumu ya saizi ya kitambulisho: jina la dawa iliyomkataa, ilimfanyaje, siku ya ngapi, nani mwingine kwenye ukoo. Mwambie aipige na picha kwenye simu, kadi zinafuliwa na suruali.

Yule kijana hospitali walimpima G6PD wiki ileile, majibu yakasema yuko sawa. Nikashangaa, baadaye nikaelewa, chembe dhaifu zilikuwa zimeshapasuka na damu iliyobaki ilikuwa changa, na damu changa ina kimeng'enya cha kutosha, kwa hiyo ukipima wakati wa balaa unadanganywa. Nikamwambia arudie baada ya miezi mitatu. Akarudia, ikatoka chini. Alipokuja kunionyesha karatasi alikuwa kamshika mkono mtoto wa kiume wa dada yake, kama miaka minne hivi, akaniambia, "Na huyu muandikie kadi, mjomba wake ndo mimi."