Mfundishe binti kutua kabla ya chenga

Tangu timu ya wanawake ya TP Mazembe itwae Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2024, hapa Lubumbashi hatuhitaji tena kueleza kwamba msichana anaweza kucheza mpira. Kazi iliyobaki ni kulinda magoti yake. Kano ya ndani ya goti hukatika zaidi kwa mabinti kuliko kwa wavulana, na mara nyingi hakuna aliyemgusa: anatua vibaya, au anageuka ghafla, basi.

Hatua ya 1. Nenda kwa mama yake. Mweleze mazoezi yanaanza saa ngapi na kwamba yataisha kabla ya giza. Usimtume mtoto na ujumbe.

Hatua ya 2. Okoteni mawe kiwanjani, hasa kiangazi udongo mwekundu unapokauka.

Hatua ya 3. Pasheni mwili kwa programu ya FIFA 11+, angalau mara 2 kwa wiki. Ni dakika 20: kukimbia polepole 8, nguvu na mizani 10, kukimbia kwa kasi 2. Huko Norway ilijaribiwa kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17. Matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha majeraha makubwa yamepungua karibu nusu. Haihitaji vifaa, mpira tu.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Simama mbele yake, si ubavuni. Aruke juu, atue kwa miguu miwili. Tazama magoti: yabaki juu ya vidole vya miguu, yasikutane. Yakikaribiana, mwambie, “Mama, rudisha makalio nyuma, kaa kidogo.” Sikiliza pia, kishindo kikubwa maana yake miguu imekakamaa. Mrekodi kwa simu ajione, maana wengi hawaamini hadi waone. Akiweza, atue kwa mguu mmoja. Kisha mwenzake amsukume bega kidogo akiwa hewani. Mpira wa kichwa uje mwisho kabisa, hata kama wazazi pembeni wanadai mechi.

Hatua ya 5. Awepo mwanamke wa kuaminika timuni. Binti akisema tumbo linauma, apumzike bila kuhojiwa mbele ya wenzake. Hedhi ikikatika miezi 3, aende kwa daktari. Huenda anakimbia sana na kula kidogo.

Goti likilia “pa!” na kuvimba saa chache baadaye, msilikande wala kulivuta. Weka barafu ndani ya kitambaa, asilikanyagie, apelekwe hospitali.